Nani Amesema Haipo?

Ukurasa wa mwanzo unafunguka vizuri. Nembo ipo, menyu ipo, picha za jana zipo. Unabofya "Habari", unaambiwa haipo. Unabofya "Mawasiliano", nayo haipo. Ukirudi mwanzo, tovuti inakupokea kwa bashasha ileile ya awali. Aliyewahi kuhamisha tovuti ya Drupal kutoka kwenye seva ya kukodi pamoja na wengine kwenda kwenye kontena la Docker anaijua hali hii, na wengi hukutana nayo usiku wa manane, maana ndio muda ambao tovuti huhamishwa.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba kurasa zimepotea njiani. Anafungua hifadhidata, anakuta zimo zote. Anakagua picha zilizopakiwa, nazo zimo. Hakuna kilichopotea. Kilichovunjika ni makubaliano kati ya programu mbili kuhusu nani ajibu swali gani, na makubaliano hayana folda ambamo utayafungua uyatazame. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaweza kukesha akitafuta kitu ambacho kiko pale pale alipokiweka.

Tuanze na anwani yenyewe. Kwa miaka mingi, anwani za ndani za Drupal, mfumo wa kusimamia maudhui ambao Dries Buytaert aliutoa mwaka 2001, zilikuwa na alama ya kuuliza, herufi q na namba: ?q=node/15. Kompyuta haisumbuliwi na anwani ya namna hiyo. Wanaosumbuka ni watu. Mtangazaji wa redio hawezi kuisoma hewani bila kujikwaa. Mwalimu akiiandika ubaoni, nusu ya darasa litaacha alama ya kuuliza na nusu nyingine itaweka nafasi mahali pasipo na nafasi. Anayeipokea kwenye simu hajui kama inampeleka kwenye ratiba ya mitihani au kwenye tangazo la kuuza viwanja. Anwani safi humwondolea adha hiyo: baada ya jina la tovuti kuna mkwaju, kisha maneno ya kawaida, kama vile /ratiba-ya-mitihani. Anayeiona anajua aendako kabla hajafika.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeibuni Wavuti, aliandika waraka mfupi kutetea anwani zisizobadilika. Hoja yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza: ondoa katika anwani kila jambo ambalo kesho linaweza kuwa vingine, likiwemo jina la mwandishi, hali ya waraka, na hata kile kiambishi cha mwisho kinachotaja aina ya faili. Anwani inayoishia na .php imemfunga msomaji kwenye PHP bila ridhaa yake. Siku utakapoiacha PHP, utakuwa umevunja ahadi uliyompa mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna kitu kinaitwa PHP.

Usafi huo una gharama yake. Ukiipekua diski nzima ya seva hutakuta faili wala folda yenye jina ratiba-ya-mitihani. Anwani hiyo inataja kitu ambacho, kwa macho ya seva, hakijapata kuwepo. Kipo tu kama safu ndani ya hifadhidata, na anayejua kukipata huko ni Drupal peke yake. Kwa hiyo lazima awepo wa kuliambia ombi: usitafute kwenye diski, nenda kwa index.php, yeye atajua la kufanya. Kwenye seva ya Apache kazi hiyo hufanywa na moduli iitwayo mod_rewrite, ambayo Ralf S. Engelschall aliiandika mwaka 1996 na mwaka uliofuata akawakabidhi watengenezaji wa Apache. Kanuni ambazo Drupal huipa moduli hiyo ni fupi. Kama kilichoombwa ni faili halisi, litoe. Kama ni folda halisi, iache. Kama si hiki wala kile, kabidhi kwa index.php.

Hapo tunaelewa kwa nini ukurasa wa mwanzo haukuguswa na janga. Anayeomba tovuti bila kutaja ukurasa anaomba folda, na Apache, bila kuelekezwa na kanuni yoyote ya kuandika upya anwani, inajua kwamba ndani ya folda itafute faili la kuanzia. Inamkuta index.php, inamwamsha, ukurasa unatoka. Ukurasa wa mwanzo, basi, hauthibitishi lolote kuhusu kurasa nyingine. Unafunguka kwa njia yake, kurasa za ndani zinafunguka kwa njia nyingine, na msomaji hana dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba njia ni mbili.

Swali la kwanza ambalo watu hujiuliza wakiona kosa la 404 ni: kwa nini ukurasa haupo? Kuna swali linalolitangulia hilo na lenye faida kubwa zaidi: nani amesema haupo? Mgeni akiambiwa getini kwamba mwenye nyumba hayupo, ni vema ajue kama jibu limetoka kwa mlinzi au kwa mwenyewe aliyechungulia dirishani, kwa sababu mlinzi anaweza kuwa hajaingia ndani kabisa. Kwenye tovuti yetu kuna sauti mbili na zinatambulika kwa sura. Drupal ikikataa, inakataa ikiwa imevaa nguo zake: nembo, menyu, rangi za tovuti, na ujumbe katikati. Apache ikikataa, unapata ukurasa mweupe, maandishi meusi ya Kiingereza, na pengine mstari mdogo chini unaotaja Apache na toleo lake. Ukiona ukurasa mweupe, acha hifadhidata, acha kufuta kashe, acha kuzima na kuwasha moduli za Drupal. Drupal haijasikia habari za mgeni wako. Haiwezi kuwa na hatia katika kesi ambayo haikuitwa.

Upo uthibitisho mwingine wa haraka. Andika anwani kwa kupitia mlango wa nyuma, yaani index.php kisha mkwaju kisha njia unayoitaka. Ukurasa ukifunguka, umejua kwa pigo moja kwamba PHP iko hai, hifadhidata inajibu, na ukurasa wenyewe upo. Hitilafu imebanwa kwenye sehemu moja: ule mkono unaopaswa kulipokea ombi na kulikabidhi.

Mkono huo huongozwa na faili linaloitwa .htaccess, na historia ya faili hili inaeleza nusu ya matatizo yetu. Zamani, na mpaka leo kwenye huduma nyingi za bei nafuu, seva moja ilibeba tovuti za mamia ya wateja. Mteja hakuruhusiwa kugusa usanidi mkuu wa seva, maana angewaharibia jirani zake. Akapewa faili dogo la kuweka ndani ya folda yake, ambamo angeandika matakwa yake machache, na Apache ikalisoma kila ombi linapoingia. Nukta iliyotangulia jina hulifanya faili hilo lifichwe kwenye orodha za kawaida. Mara nyingi hubaki nyuma pale mtu anaponakili faili zote kwa kutumia alama ya nyota, kwa kuwa nyota hiyo haiyahesabu majina yanayoanza na nukta. Tovuti nzima huhama, kasoro faili moja lisiloonekana.

Hata likihama, kusomwa kwake kunahitaji ruhusa. Ruhusa hiyo huitwa AllowOverride, na kuanzia kizazi cha Apache 2.4, kilichotoka mwaka 2012, usipotamka lolote jibu ni hapana. Sababu ni za msingi. Seva inayosoma .htaccess hulazimika kulitafuta katika kila folda iliyo njiani, kwa kila ombi, hata kama halipo. Isitoshe, anayeweza kuandika ndani ya folda hupata uwezo wa kubadili tabia ya seva. Watengenezaji wa Apache wenyewe hushauri kwamba mwenye mamlaka juu ya usanidi mkuu aandike kanuni zake huko na aachane na .htaccess.

Kontena limekupa mamlaka hayo yote. Humo ndani hakuna jirani, seva nzima ni yako, na sababu ya kuzaliwa kwa .htaccess haipo tena. Hata hivyo Drupal bado inakuja nalo, kwa sababu lazima ifanye kazi hata kwa yule aliyepanga kwenye seva ya mamia. Hivyo tunaendesha ndani ya nyumba ya mtu mmoja utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya wapangaji, na tunashangaa utaratibu huo usipoeleweka na seva iliyowekwa upya.

Ugumu unaongezwa na ukweli kwamba imeji ambazo watu huzianzia kazi, yaani violezo vya kuundia makontena, hazina msimamo mmoja. Imeji rasmi ya Apache huja ikiwa imeizima mod_rewrite na kukataza kusomwa kwa .htaccess. Imeji rasmi ya PHP yenye Apache ndani huruhusu .htaccess kwenye folda ya /var/www, lakini mod_rewrite hukuachia uiwashe mwenyewe. Imeji rasmi ya Drupal imekwisha kuviwasha vyote. Aliyeanza na hii ya tatu anaweza kumaliza mwaka bila kujua kwamba kuna suala. Mwenzake aliyejenga ya kwake juu ya ile ya PHP atakumbana nalo siku ya kwanza. Na akiamua kuweka tovuti kwenye folda nyingine, tuseme /app/web, ile ruhusa ya /var/www haitamfuata. Kwanza atapata 403, akatazwe kuingia kabisa; ataandika mstari wa kufungua folda hiyo kwa wote, ukurasa wa mwanzo utatoka, atashangilia, kisha kurasa za ndani zitamrudisha kwenye 404, kwa kuwa kuruhusu watu waingie na kuruhusu .htaccess lisomwe ni ruhusa mbili tofauti.

Ninachokiona kuwa kizito zaidi katika kisa hiki ni ukimya. Kwa kawaida ukiandika amri ya kuandika upya anwani kwenye seva isiyokuwa na mod_rewrite, Apache hupiga kelele: kosa la 500, na kwenye kumbukumbu za seva mstari unaotaja amri isiyoijua. Ni kelele mbaya lakini ina maana, inakuonyesha mahali. Waandishi wa Drupal, kwa nia njema, walizifunga kanuni zao ndani ya sharti: kama moduli hii ipo, fanya haya. Isipokuwepo, kanuni zote hurukwa bila neno. Sharti hilo liliwekwa ili tovuti isianguke nzima nzima kwa mtu ambaye seva yake haina moduli hiyo, na zamani ulikuwa ungwana kweli, kwa kuwa mtu huyo alibaki na anwani zake za alama ya kuuliza zikifanya kazi. Mwaka 2015 lilitoka toleo la 8, ambalo anwani safi ndani yake si chaguo tena, ndio utaratibu wenyewe. Sharti likabaki, kimbilio likaondoka. Sasa ungwana ule unaficha tatizo badala ya kulipunguza, na wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mafundi wamebuni njia ya kuuvunja ukimya huo, nayo inapendeza kwa ukorofi wake. Fungua .htaccess, andika katika mstari wa kwanza upuuzi usio amri yoyote, kisha ita ukurasa wowote. Tovuti ikianguka kwa kosa la 500, furahi: faili linasomwa, tafuta tatizo kwenye moduli au kwenye kanuni zenyewe. Tovuti ikiendelea kama kwamba hukuandika kitu, hakuna anayelisoma faili hilo, na ungeweza kulirekebisha mwaka mzima bila kubadili chochote. Nadhani mbinu hii ina kazi hata nje ya kompyuta. Kuna ofisi ambazo ripoti hupanda ngazi kila mwezi, na njia pekee ya kujua kama zinasomwa ingekuwa kuingiza sentensi ya ovyo katikati.

Tuchukulie kwamba fundi amegundua kasoro. Anaingia ndani ya kontena linalofanya kazi, anaiwasha mod_rewrite, anaanzisha upya Apache. Kontena linazimika. Anadhani ameharibu, kumbe kontena huishi kadiri mchakato wake mkuu unavyoishi, na mchakato huo ndio Apache aliyoizima. Analiwasha tena, na lo, kurasa zote zinafunguka. Anafunga kompyuta akalala.

Kazi yake imekamilika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomsumbua. Alichobadili kimo kwenye kontena, hakimo kwenye imeji ambayo kontena lilizaliwa nayo. Likizimwa na kuwashwa, mabadiliko yatabaki, jambo ambalo humpa mtu imani ya uongo. Siku litakapoondolewa ili jipya liundwe, kwa mfano Drupal inapopandishwa toleo, jipya litazaliwa bila mod_rewrite, na kurasa za ndani zitatoweka tena, huenda mbele ya mtu mwingine ambaye hana habari ya ule usiku wa kwanza. Docker, iliyooneshwa hadharani na Solomon Hykes mwezi Machi 2013, haikubuniwa ikumbuke tunayoyafanya kwa mikono. Ilibuniwa ikumbuke tulichoandika. Mstari mmoja wa kuiwasha mod_rewrite ukiandikwa kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya ujenzi, utatekelezwa kila imeji inapojengwa, na aliyeuandika ataweza kuhama kazi bila kuondoka na tovuti kichwani. Wapo wanaoiona tabia hii ya kontena kuwa ukatili. Mimi naiona kuwa ukaguzi. Inatofautisha kilichorekebishwa na kilichotulizwa tu.

Ukuta wa kontena hubadili pia maana ya mahali. Ukifungua tovuti kwenye kompyuta yako kwa localhost na poti 8080, jina localhost lina maana ya kompyuta yako. Drupal iliyomo ndani ikilitamka jina hilohilo, inajitaja yenyewe, na ndani hakuna anayesikiliza kwenye 8080. Apache iko kwenye poti 80, na Docker ndiyo iliyounganisha poti hizo mbili kutoka nje. Drupal 7 ilikuwa na mazoea ya kujipigia ili ijihakikishie kwamba inafikika. Ndani ya kontena ilijipigia kwa anwani iliyopewa na mgeni, haikujipata, ikaripoti kwamba ina kasoro, huku wageni wote wakiisoma bila shida. Aliyeamini ripoti hiyo alianza kutibu ugonjwa ambao haukuwepo. Ni swali lilelile la nani anasema, safari hii likiongezewa lingine: anasema akiwa amesimama wapi?

Wapo wanaoikwepa Apache na kuchukua nginx, seva ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004. Nginx haisomi .htaccess hata kidogo. Kanuni ya kukabidhi maombi kwa index.php huandikwa kwenye usanidi wake mkuu, mahali pamoja, wazi. Hasara yake ni kwamba nginx haiendeshi PHP yenyewe, kwa hiyo mara nyingi yanakuwa makontena mawili, na yote mawili lazima yaone faili za tovuti kwa njia ya jina moja. Moja likiziona kwenye /app na jingine kwenye /var/www/html, PHP itajibu kwa maneno machache kwamba faili halikupatikana, na hapo tumepata sauti ya tatu ya kukataa, yenye lafudhi yake.

Anwani ikishafanya kazi, bado hatujauliza nani aliamua sura ya usafi wake. Tovuti nyingi za Drupal hutumia moduli ya Pathauto kugeuza kichwa cha habari kuwa anwani. Moduli hiyo huja na orodha ya maneno madogo ya kuachwa, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Kichwa cha Kiswahili hubaki na kila "ya", "wa", "na" na "kwa", kikirefuka hadi kikomo cha herufi 100, kisha kinakatwa. Ritifaa huondolewa, hivyo habari ya ng'ombe hukaa kwenye anwani ya ngombe. Kwa upande mwingine Kiswahili kina bahati: herufi zake zote hupita kwenye anwani zilivyo, ilhali kichwa cha Kiarabu kikinakiliwa kinaweza kugeuka msururu wa alama za asilimia. Orodha ile inaweza kubadilishwa kwenye mipangilio kwa dakika chache. Ila ni lazima kwanza mhariri ajue kwamba ipo, na kwamba kuna mtu wa mbali aliyekwisha kumchagulia yapi ni takataka.

Anwani iliyokwisha kutolewa si mali ya tovuti peke yake. Imeandikwa kwenye barua kwa wazazi, imetumwa kwenye vikundi vya WhatsApp, imenakiliwa kwenye daftari la mtu ambaye hatutakutana naye. Kwa hiyo kazi ya fundi haiishii pale kurasa zinapofunguka. Aandike mstari wake kwenye Dockerfile, na juu yake aeleze sababu. Kisha aache jaribio linalojiendesha kila imeji mpya inapojengwa, na jaribio hilo lisiuombe ukurasa wa mwanzo, ambao tumekwisha kuona kwamba hauna ushahidi wa kutoa. Liombe ukurasa wa ndani na kutarajia 200. Baadaye liombe ukurasa ambao kweli haupo, na lidai kwamba 404 itakayorudi iwe imetoka kwa Drupal, ikiwa na nembo na menyu yake. Jaribio la pili ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo linalothibitisha kwamba ombi limefika hadi kwa anayejua kilichopo na kisichopo.